Kilemba cha Mpangaji: Mafunzo kutoka Mji wa Bombay



Liko suala moja ambalo halikosi kuzuka barazani kila wanapokaa pamoja mwenye nyumba na mpangaji. Nalo ni hili: nyumba ni ya nani? Ni ya yule mwenye hati sandukuni, au ni ya yule aliyeishi ndani yake miaka arubaini, akazaa watoto wake humo na akatoa majeneza ya wazee wake humo? Mwenye nyumba hukasirika hata kuulizwa. Mpangaji naye huinamisha kichwa, lakini moyoni ana jawabu yake. Na mahakama za miji mikubwa ya dunia zimejaa mafaili ya watu wawili hawa.

Leo nataka tutoke kidogo katika mitaa yetu, tuuangalie mji mmoja ambao wazee wetu waliujua vizuri. Mji huo ni Bombay, ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai. Majahazi ya pwani yetu yalikuwa yakienda na kurudi huko kwa pepo za kusi na kaskazi. Sayyid Barghash, kabla hajakuwa Sultani wa Unguja, alipelekwa uhamishoni huko baada ya fitina ya mwaka 1859, akakaa muda wa kama miaka miwili. Nguo, mchele na hata rupia waliyoihesabu babu zetu vilitoka upande huo. Basi si mji mgeni kwetu. Na yaliyotokea huko baina ya wenye nyumba na wapangaji yana mafunzo kwa kila mji wenye watu wengi na nafasi ndogo, na miji yetu haimo nje ya hesabu hiyo.

Kwanza fahamu mahali penyewe. Bombay ya zamani ilikuwa visiwa saba vilivyounganishwa kwa kufukiwa bahari, ukawa mkono mwembamba wa nchi kavu uliozungukwa na maji. Mji uliozungukwa na bahari hauwezi kutanuka upendavyo. Tangu miaka ya 1850 vikajengwa viwanda vya kusokota na kufuma pamba, na watu wakaja kwa maelfu kutoka mashamba ya mbali kutafuta kazi. Watu hao walilala wapi? Wenye mali wakajenga majumba ya ghorofa tatu na nne yaitwayo chali: ukumbi mrefu mmoja, vyumba kando yake, kila chumba jamaa nzima, na vyoo vya shirika mwisho wa ukumbi. Tauni ilipoingia mwaka 1896 ilipata njia nyepesi katika vyumba hivyo vilivyokosa hewa na mwangaza.

Hali ya mpangaji wa siku zile ilikuwa dhaifu sana. Hakuwa na ahadi ya maandishi, na kodi ilipanda kwa matakwa ya mwenye nyumba. Akishindwa, vyombo vyake vilitolewa nje, na mwengine alikuwa amesimama mlangoni anangoja. Wala usidhani dhulma hii ilikuwa ya Bombay peke yake. Ilikuwa hata katika nchi ya mtawala mwenyewe.

Na hapa yatupasa tupite Glasgow, mji wa meli huko Scotland. Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, wafanya kazi walimiminika huko kuunda meli na silaha. Wenye nyumba wakaona ndiyo fursa, wakapandisha kodi ilhali waume wako vitani na wake wamebaki na watoto. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Bi Mary Barbour, wakakataa kulipa nyongeza. Wakawa wakiona mtumishi wa mahakama anakuja kumtoa mtu, hupiga kengele, wakatoka majumbani wakamzuia ngazini. Kufika mwezi wa Novemba 1915 waliogoma walikuwa kiasi cha jamaa 20,000. Tarehe 17 Novemba wapangaji 18 walipoitwa mahakamani, maelfu ya wafanya kazi wa meli waliacha kazi wakaenda kusimama nje. Serikali ikaogopa, vita bila ya meli haviendi. Mwezi wa Disemba 1915 Bunge la Uingereza likapitisha sheria: kodi ya nyumba ndogo ndogo irudi ilivyokuwa mwanzo wa vita, mwezi wa Agosti 1914, na mpangaji anayelipa kodi yake asitolewe ila kwa amri ya mahakama na kwa sababu zilizotajwa.

Sheria hiyo iliambiwa ni ya muda wa vita na miezi sita baadaye. Shika neno hilo, msomaji: ya muda. Tutalirejea.

Bombay ikafuata mwaka 1918. Watu walikuwa wengi, vifaa vya kujengea vimekatika kwa sababu ya vita, na kodi zinaruka. Ikatolewa sheria ya vita ya kuzuia kodi, nayo pia ya muda. Vita vya pili vilipokuja, zikatolewa sheria nyingine, na mwisho wake, mwaka ule ule ambao Bara Hindi ilipata uhuru na kugawanyika, yaani 1947, ikatungwa sheria kubwa ya kodi za nyumba ya Bombay. Zingatia siku zile zilivyokuwa: mamilioni ya watu walikuwa wanahama, huyu akikimbilia upande huu na yule upande ule, na Bombay ikapokea wakimbizi wengi. Kama serikali isingewashika wenye nyumba mikono, watu wengi wangelala njiani. Haki yasema sheria ile ilizaliwa kwa huruma, wala hatuwezi kuilaumu kuzaliwa kwake.

Mambo yaliyomo ndani yake kwa ufupi ni haya. Kodi ya halali ya nyumba ni ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Septemba 1940, isipokuwa nyongeza chache zilizoruhusiwa kama vile za ushuru. Mpangaji akiwa analipa, au yu tayari kulipa, hatolewi. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake hana budi aende mahakamani athibitishe mojawapo katika sababu zilizotajwa: kwamba mpangaji hakulipa, au ameharibu, au amempangisha mtu mwengine bila ya idhini, au kwamba yeye mwenyewe aihitaji nyumba kwa kweli. Na hata akithibitisha kuihitaji, kadhi wa serikali hutazama: ni nani atakayedhurika zaidi, mwenye nyumba akikosa au mpangaji akitoka? Na mpangaji akifa, jamaa yake aliyekuwa akiishi naye humo hushika mahali pake.

Ukiyatazama mambo haya moja moja, mengi ni ya uadilifu. Mtu asitolewe bila ya sababu, asitolewe kwa nguvu, na asikilizwe kwanza. Ni nani mwenye moyo atakayeyapinga? Lakini liko jambo moja katika sheria ile lililokuwa kama mchwa ndani ya boriti. Kodi ilifungwa mahali pamoja, na dunia haikufungwa pamoja nayo.

Tufanye hesabu ya mfano. Sema chumba kilikuwa kikikodishwa rupia 20 kwa mwezi mwaka 1940. Kwa rupia 20 za siku zile mwenye nyumba aliweza kumlipa fundi, kununua chokaa, kubadilisha mbao, na akabakiwa na fungu lake. Miaka ikapita. Mshahara wa fundi ukapanda, saruji ikapanda, mchele ukapanda, na mshahara wa mpangaji mwenyewe nao ukapanda. Kodi ikabaki kuwa ni rupia 20 na kidogo juu yake. Sheria iliyokuwa ya muda ikaongezwa muda mara baada ya mara, kwa kuwa wapangaji ni wengi na wenye nyumba ni wachache, na mwanasiasa huhesabu kura. Nusu karne ikapita hivyo. Ikafika hadi kodi ya mwezi mzima ya nyumba katikati ya Bombay haifiki bei ya chakula cha siku moja.

Mwenye nyumba alifanya nini? Aliacha kutengeneza. Paa likivuja, alisema, “Tengenezeni wenyewe.” Mpangaji naye akasema, “Nyumba si yangu, kwa nini niitengeneze?” Ikawa nyumba ina wenyewe wawili na haina hata mmoja. Na mvua za Bombay si za kuchezea: kuanzia mwezi wa Juni hunyesha miezi minne, maji huingia katika nyufa, mbao huoza, chuma hushika kutu. Majumba yakaanza kuanguka na watu ndani. Mwaka 1969 serikali ikalazimika kuunda bodi maalumu ya kutengeneza majumba ya kale, na kuyatoza ushuru wa matengenezo. Majumba yaliyoandikwa katika daftari ya bodi hiyo yalizidi 19,000. Ni mji mzima wa majumba ambayo wenyewe walikuwa wamekata tamaa nayo.

Sasa njoo kwenye kilemba.

Sheria ilikataza kuzidisha kodi, lakini haikuweza kuzuia tamaa ya mwanadamu. Chumba cha rupia 20 kilikuwa kina thamani kubwa kwa yule asiyekuwa na chumba. Basi aliyetaka kuingia alitoa fedha nyingi kwa mkupuo, kwa siri, bila ya stakabadhi, ili apewe ufunguo. Mpangaji wa zamani akitoka naye aliuza nafasi yake kwa anayeingia, na mwenye nyumba akapata fungu lake, aghlabu kama theluthi. Fedha hiyo kwa lugha zao huitwa pagdi, na maana ya pagdi ni kilemba. Ajabu ni kwamba sisi huku, ng'ambo ya bahari, fedha ya kupewa ufunguo wa duka au nyumba twaiita kwa jina lilo hilo, kilemba.

Kilemba asili yake ni heshima. Mwalimu hupewa kilemba mtoto akikhitimu, fundi hupewa kilemba mwanafunzi wake akishajua kazi, na baba wa bibi arusi hupewa kilemba siku ya ndoa. Lakini kilemba cha Bombay kilimvika mtu asiyekuwa mwenyewe, kikamwacha mwenyewe kichwa wazi. Mwenye hati alibaki na jina la umilikaji bila ya manufaa yake, ndicho tukiitacho kilemba cha ukoka. Na mpangaji mpya, aliyetoa akiba ya maisha yake kununua kitu ambacho sheria haikitambui, hakuwa na ushahidi wala wa kumlalamikia, kwa kuwa fedha ile ilikuwa imekatazwa na sheria yenyewe ya 1947. Ndipo pale haki ilipogeuka bidhaa ya uchochoroni.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye mara nyingi hasahauliwi ila kwa kuwa hayumo chumbani. Huyo ni kijana anayekuja mjini leo. Yeye hana babu aliyepanga chumba mwaka 1940. Hana fedha za kilemba. Na mwenye nyumba tupu hataki kumpangisha, kwa kuogopa kwamba akiingia hatoki tena. Hofu hii haikuwa ya bure. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wakiwaruhusu watu kukaa kwa kibali tu, bila ya mkataba wa upangaji, wakidhani wamejikinga. Mwaka 1973 sheria ikabadilishwa, na waliokuwa wakikaa kwa kibali tarehe 1 Februari mwaka huo wakafanywa wapangaji kamili. Tangu siku hiyo wenye nyumba wengi walichagua kufunga milango kwa kufuli. Kesi ya kumtoa mpangaji katika Mahakama ya Madai Madogo ya Bombay, pamoja na rufaa zake, iliweza kuchukua miaka kumi, ishirini, na zaidi. Mdai akafa, mdaiwa akafa, na wajukuu wakarithi kesi. Kwa hivyo mji ukawa na maajabu mawili kwa pamoja. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta mamia ya maelfu ya nyumba tupu katika mji ule, na papo hapo ikakuta kiasi cha watu wanne katika kila kumi wanaishi katika vibanda vya mabati na maturubali.

Utaniambia: Sheikh, hayo ni mambo ya fedha, na fedha hupotea zikarudi. Basi sikiliza la Bhendi Bazaar. Huo ni mtaa wa Waislamu katika Bombay ya kale, wenye misikiti, madrasa na maduka ya itri na vitambaa, na waliosafiri huko kutoka pwani yetu wanaujua. Majumba yake mengi yana umri wa kiasi cha miaka mia. Mwaka 2009 jumuiya ya Mabohora ilianzisha kazi kubwa ya kuununua mtaa, kuyavunja majumba yapatayo 250 yaliyochakaa, na kuwajengea wakaazi, kiasi cha jamaa 3,200, nyumba mpya pale pale. Lakini kuwahamisha watu wote hao, kila mmoja na haki yake, na hofu yake, na kesi yake, si kazi ya siku mbili. Tarehe 31 Agosti 2017, asubuhi baada ya mvua kubwa, jumba moja liitwalo Husaini lilianguka. Baadhi ya jamaa walikuwa wamekwishahamishwa miaka ya nyuma, na wengine walikuwa bado wamo. Waliokufa walizidi thelathini. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja.

Sisemi kwamba sheria ya kodi peke yake ndiyo iliyoliangusha jumba lile. Uzee wa jumba, mvua na kuchelewa kwa kazi vyote vimo. Lakini nyumba ambayo haina mtu mwenye faida ya kuitunza, itaangukia nani ila waliomo?

Mwisho wake mahakama kuu ya India ikaingia kati. Mwaka 1997 ilihukumu kwamba kuzifunga kodi katika kiwango cha 1940 kumekuwa si jambo la akili wala la haki tena, na kwamba sheria inayomfaa mmoja kwa kumdhulumu mwengine haina baraka, ingawa ilianza kwa wema. Serikali ya jimbo ikatunga sheria mpya ya 1999, iliyoanza kazi tarehe 31 Machi 2000. Kodi ikaruhusiwa kupanda asilimia 4 kila mwaka, mabenki na makampuni makubwa yakatolewa katika ulinzi uliokusudiwa wanyonge, na kilemba kikahalalishwa ili kitoke gizani. Lakini asilimia 4 ya kodi ya 1940 ni nini? Jeraha la miaka sitini halifungwi kwa uzi mmoja.

Na Bombay haiko peke yake. Misri nako kodi za kale zilifungwa tangu zama za Nasser na baada yake, na katika Cairo mtu aliweza kukaa katika nyumba ya vyumba vinne kwa kodi isiyotosha kununua nyama kilo moja. Mwezi wa Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Katiba ya Misri ilihukumu kwamba kuzifunga kodi hizo milele kunapingana na katiba, na mwaka 2025 ikatolewa sheria ya kuimaliza mikataba ya kale baada ya miaka saba kwa nyumba za kuishi. Wenye nyumba wakashangilia. Wazee wastaafu waliozeeka katika nyumba hizo wakalia, wakiuliza wataenda wapi. Ukichelewa kuuondoa mwiba, kuutoa nako huumiza.

Lakini ngoja, msomaji. Usifunge gazeti ukaenda ukampandishia mpangaji wako kodi kwa kusema Sheikh amesema. Hadithi hii ina upande wa pili.

Uingereza ile ile iliyoanza na sheria ya 1915 ilifika mwaka 1988 ikageuka kabisa. Sheria mpya, iliyoanza kazi mwezi wa Januari 1989, ilimwezesha mwenye nyumba, mkataba wa muda mfupi ukishakwisha, kumtoa mpangaji kwa ilani ya miezi miwili bila ya kutaja kosa lolote. Nyumba za kupanga ziliongezeka, ni kweli. Lakini jamaa wengi waliishi na roho juu. Mpangaji aliogopa hata kulalamika kuhusu ukungu ukutani, kwa kuwa jawabu yaweza kuwa barua ya kutoka, na watoto wakahamishwa shule hii na ile. Mwaka 2025 Bunge likapitisha sheria ya kuufuta uwezo huo katika England. Basi miaka mia moja na kumi nchi ile imetembea kutoka upande huu hadi upande huu, kama chombo kinachokwenda joshi baada ya joshi, kikitafuta njia ya kati.

Na huku kwetu? Mambo haya hayakutupita. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, Unguja, waliokuwa wamejenga vibanda vyao juu ya ardhi za watu wengine, waliichoka kodi ya ardhi iliyokuwa ikipanda, wakagoma kuilipa. Serikali ikalazimika kutoa amri ya kuizuia kodi hiyo. Mombasa tuna jambo ambalo wageni hulistaajabia, nalo ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za huyu, na udongo ulio chini yake ni wa yule. Mwaka 1956 ilitolewa sheria makhsusi ya kuzuia kufukuzwa wapangaji wa ardhi Mombasa, na ilipokwisha nguvu, watu waliojenga kwa jasho lao walibaki wakitegemea ihsani ya mwenye ardhi na huruma ya mahakama. Kenya ikawa na sheria ya kuzuia kodi ya mwaka 1959, na mpaka wake ukaja ukawekwa kuwa ni nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Jihesabie mwenyewe ni nyumba ngapi mtaani kwako zakodishwa kwa fedha hiyo. Tanzania nayo ilikuwa na sheria yake ya 1984, ikaifuta mwaka 2005, na mambo mengi yakaachwa kwa mapatano ya watu wawili. Kila nchi, kama uonavyo, ama kamba imekazwa hadi ikakata, ama imelegezwa hadi ikaanguka.

Sasa wanavyuoni wetu walisemaje? Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, ijara ni mkataba wa kuuza manufaa kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana. Muda usiojulikana mwisho wake ni mlango wa ugomvi. Katika muda huo mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji wala kumzidishia, hata akija mtu wa kulipa maradufu. Akifa mmoja wao, mkataba hauvunjiki mpaka muda wake uishe. Ukuta ukianguka au paa likivuja, kutengeneza ni juu ya mwenye nyumba, na asipotengeneza mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Na muda ukishakwisha, kuendelea kukaa bila ya ridhaa ya mwenyewe ni kukalia mali ya mtu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya vikali kuhusu mwenye kuchukua hata shubiri moja ya ardhi isiyo yake.

Kuhusu kilemba, suala si jipya. Wanavyuoni wa Misri walilijadili tangu karne ya 10 Hijria, wakati maduka ya wakfu yalipokuwa yanabomoka na wapangaji wakatoa fedha zao kuyasimamisha; Sheikh Nasir al-Din al-Laqani, Mmaliki, alitoa fatwa ya kuitambua haki ya mpangaji wa namna hiyo, ambayo kwa Kiarabu huitwa khuluu. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jidda mwezi wa Februari 1988 lilipambanua vizuri: mpangaji ambaye muda wake bado, akiafikiana na mwenye nyumba au na mpangaji mwengine apewe fedha ili atoke, ni halali, kwa kuwa anauza kilicho chake, yaani muda uliobaki, maadamu hapingani na masharti ya mkataba wake. Lakini ambaye muda wake umekwisha hana kilemba, kwa sababu hana tena cha kuuza.

Angalia uzuri wa upambanuzi huo. Umempa kila mmoja chake bila ya kumnyang'anya mwenziwe. Bombay walihitaji miaka hamsini na majumba yaliyoanguka kuligundua jambo ambalo limo katika mkataba wa kurasa mbili ulioandikwa kwa uaminifu.

Basi nimalize kwa nasaha chache, kila mmoja achukue yake.

Wewe mwenye nyumba, andika mkataba, hata kama mpangaji ni mtoto wa ndugu yako. Taja muda, taja kodi, na taja mapema itapanda kiasi gani ukifanya upya. Usimtoe mtu vyombo nje kwa mabavu, wala usimng'olee mlango au kumkatia maji. Hiyo si haki yako, hata kama anadaiwa. Mwenye dhiki ya kweli ameamrishiwa na Mola wake kupewa muhula mpaka apate wasaa. Na kumbuka kwamba kodi ni ya nyumba inayokalika, si ya kuta zinazovuja.

Wewe mpangaji, usiligeuze jina la unyonge kuwa silaha. Mwenye uwezo akichelewesha deni kwa makusudi amedhulumu, na hili limo katika maneno ya Mtume wetu. Nyumba nyingi za miji yetu si za matajiri. Ni za mayatima waliorithi pamoja, ni za mjane anayekula kwa kodi ya vyumba viwili, ni za wakfu ambao fedha yake yalipa maji ya msikiti na mshahara wa mwalimu. Unapolipa kwa kadiri ya miaka ishirini nyuma, na ukamwambia mjane aende mahakamani akitaka, umekula nini jioni ile?

Na nyinyi mawakili wa wakfu na wasimamizi wa mayatima, msizipangishe nyumba za amana kwa bei ya urafiki, kisha mkaona haya kuzungumza na rafiki. Nyumba ya wakfu ikianguka, aliyeiweka wakfu amekatiwa thawabu yake, na atakayeulizwa ni nyinyi.

Serikali zitatunga sheria na zitazifuta, kama tulivyoona Glasgow, Bombay na Cairo. Sheria njema yahitajika, na tuidai, kwa kuwa mnyonge hana ngao nyingine mbele ya mwenye nguvu. Lakini hakuna sheria iliyoweza kukaa baina ya watu wawili wasiogopa Mungu ila mmoja wao ataipindua imfae. Tumwombe Mola atujaalie tuwe wenye kulipa kilicho juu yetu kabla ya kudai kilicho chetu, na atupe sote makaazi mema hapa na huko tuendako. Amin.